Chapuchapu na Sehemu Ishirini

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chapuchapu alikaa mezani karibu na cherehani ya shangazi yake akafanya kazi za shule. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la saba, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumaliza hesabu kabla yake.

Jioni moja alikuwa na sehemu ishirini za kurahisisha. "Fanyeni kwa mkono kwanza, kisha mhakikishe kwa kikokotoo," mwalimu wao alikuwa amesisitiza. Lakini kikokotoo cha kisayansi cha kaka yake kilikuwa pale pale mezani. Chapuchapu akaandika namba ya juu, akabonyeza kitufe cha sehemu, akaandika namba ya chini, akabonyeza alama ya sawasawa. Jibu likatoka limesharahisishwa. Dakika kumi, kazi imekwisha.

"Umeshamaliza?" shangazi akauliza, macho yake kwenye sindano.

"Shangazi nawe! Si unanijua?"

Kesho yake mwalimu alirudisha madaftari. "Ishirini kwa ishirini! Njoo ubaoni utuonyeshe ulivyorahisisha 84/126."

Chapuchapu alishika chaki, akaandika 2/3.

"Sawa. Umeipataje?"

Akachora mstari chini ya jibu, akaufuta.

"Betri imekwisha!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko.

Angeweza kusema amesahau. Badala yake aligeuka. "Mwalimu, sikuzifanya mimi. Nilibonyeza kikokotoo cha kaka."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akachukua daftari lake. "Umesema kweli, asante. Hata hivyo, alama hizo nazifuta. Ijumaa kuna jaribio la kuchagua wawili wa kwenda kwenye mashindano ya hesabu. Jitayarishe."

Nyumbani alimweleza shangazi yote. Shangazi hakumfokea. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu," alisema, akachukua utepe wa kitambaa na kuukunja katika sehemu tatu sawa. "Mbili kati ya hizi ni kiasi gani?"

"Theluthi mbili."

Shangazi akaukunja tena katikati, akaukunjua. Sasa ulikuwa na sehemu sita. "Na zile theluthi mbili sasa ni kiasi gani?"

"Nne kati ya sita."

"Utepe umeongezeka?"

"Haujaongezeka." Chapuchapu akatabasamu. "Kumbe 4/6 na 2/3 ni kitu kimoja!"

"Ndiyo hivyo. Unapunguza vipande, kitambaa hukigusi."

Wakairudia ile ya ubaoni. Juu na chini waligawanya kwa mbili, wakapata 42/63; kwa tatu, 14/21; kwa saba, 2/3. Kwa siku tatu Chapuchapu alizifanya zote ishirini kwa kalamu. Kikokotoo alikigusa mwisho tu, kuhakikisha.

Ijumaa, jaribioni, ambako waliruhusiwa kuhakikisha kwa kikokotoo, alifika kwenye 54/72. Kwa mkono alipata 3/4. Alipohakikisha, kikokotoo kikasema 2.

Jirani yake akachungulia. "Andika la mashine," akanong'ona. "Mashine haikosei."

Chapuchapu alitulia. Hamsini na nne ni ndogo kuliko sabini na mbili, basi sehemu hiyo haifiki hata moja. Itakuwaje mbili? Akaangalia kioo vizuri: alikuwa amebonyeza 27 badala ya 72. Akabonyeza upya, taratibu, ikatoka 3/4.

Siku hiyo alikuwa wa mwisho kukusanya karatasi. Majibu yalipotoka, alikuwa amekosa mbili tu, na jina lake lilikuwa la pili kati ya wawili waliochaguliwa.

Mwalimu aliinua kikokotoo mbele ya darasa. "Hiki hakijui unachotaka," alisema. "Kinajua ulichobonyeza, basi. Kitumieni, lakini anayeijua njia ndiye atakayeliona kosa. Na njia hufundishwa yule anayekubali kwamba haijui."