Mwalimu Aliyewalilia Wanawake wa Vitabuni

Jamani, nipeni sikio, na atakayejiona humu asininunie mimi.

Jumamosi moja alasiri nyumba ya mwalimu wa fasihi ilikuwa imetulia tuli. Mwenyewe kakaa barazani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha insha za wanafunzi wake. Mkewe yuko ndani anapiga pasi. Swali lilikuwa lile lile alilolipenda kila mwaka, kuhusu mwanamke wa kwenye riwaya yao, aliyeozwa asikotaka, akapigwa, akakimbilia kwao akarudishwa, mwishowe akajitosa kisimani: "Nani aliyemuua? Jadili." Akifika sura ya kisima darasani, sauti humkatika. Wanafunzi walimwita Mwalimu Machozi, naye alijua, na jina lilimpendeza.

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika: "Aliyemuua ni baba yake, maana alijali majirani kuliko mtoto."

"Huyu kaelewa," mwalimu akasema peke yake, akampa ishirini kwa ishirini.

Wino haujakauka, lango likagongwa. Akaingia binti yake, fundi cherehani aliyeolewa mwaka juzi na mkandarasi mwenye jina lake mjini. Ana mkoba mmoja, na jicho limevimba mpaka limefumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkoba wa nini tena?"

"Safari hii sirudi, baba. Ataniua."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mwalimu alitazama kwanza dirisha la jirani, ndipo akamtazama mwanawe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ndivyo alivyofanya.

"Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana."

"Vyombo hugongana, baba. Mimi nagongwa."

Mama mtu akatokea, pasi bado mkononi. "Mume wangu, mwache mtoto alale hapa."

"Alale hapa, kesho watu waseme mwalimu kashindwa kulea? Mimi nitauficha wapi uso wangu?"

Uso wake! Mtoto jicho halifunguki, yeye anautafutia uso wake maficho. Akavaa koti, akamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni, akampa mkwe mkono na kumwomba radhi kwa usumbufu. Kisha akaja kumalizia insha zake.

Siku ya nne wakaitwa hospitali. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na mimba ya miezi mitatu, ambayo binti alikuwa hajamwambia mtu, ilikuwa imetoka. Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda akalia kwa kwikwi hadi wauguzi wakamwonea huruma.

Binti alimsubiri anyamaze.

"Baba, wewe huwapenda wanawake wakishakufa. Nilipokuja kwa miguu yangu hukuwa na chozi hata moja."

"Nisamehe. Twende nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani nilishakuja mara tatu."

Aliporuhusiwa kutoka, alikwenda kukaa kwa fundi mwenzake wa cherehani. Mama yake alimbebea mkoba, na mama naye hakurudi siku ile wala mwezi ule. Mkandarasi alishtakiwa, akafungwa. Mwalimu kabaki barazani na vitabu vyake, na majirani aliowaogopa hakuna hata mmoja anayemletea kikombe cha chai.

Funzo

Mzazi, kumlilia mwanamke wa kitabuni hakukugharimu kitu. Yeye hatakuja kubisha hodi, wala majirani hawatakuuliza habari zake. Mwanao akija na jicho limevimba, mfungulie, mpe kitanda, ndipo uulize. Ukimwambia "vumilia" umemshikia mpigaji fimbo. Na sisi tunaochungulia madirishani tukiulizana mbona fulani karudi kwao, tusijitoe: tumo. Heshima ya nyumba inayolindwa kwa mbavu za binti si heshima, ni woga tu, na aliye na woga huo asiseme mtoto wake kamletea aibu.