Prosesa ya Duka la Bendera

Duka letu liko mjini Tainan, nyuma ya hekalu. Mimi na binti yangu Su-hui tunachapa bendera za maandamano ya sikukuu za hekalu. Zamani tulikuwa watatu. Mke wangu ameshatangulia.

Mwaka mmoja kompyuta ilianza kuzubaa. Picha moja ya joka ilichukua nusu saa kufunguka. Hekalu lilitaka bendera sitini kwa siku kumi. Tukichelewa, kazi inakwenda kwa mwingine.

Nikafanya tunavyofanya sote hapa kwa imani. Nikaweka pakiti ya bisi juu ya kompyuta, ili itulie ifanye kazi.

"Baba! Umeweka pakiti ya njano!" Su-hui alicheka. "Ya njano ni ya kuvuta pesa. Mashine inataka ya kijani."

Akaleta ya kijani. Joka likachukua nusu saa ileile.

Tukaibeba kompyuta hadi kwa Bi Kuo, muuza vifaa vya kompyuta. Akaifungua.

"Prosesa imechoka, mzee. Huu ndio ubongo wake. Bisi kula mwenyewe."

"Basi nipe ya kampuni ileile. Dola elfu tisa za hapa kwetu, najua."

"Nani kasema? Leo ni elfu sita."

"Wametuonea huruma?"

"Huruma ya wapi! Walipokuwa peke yao sokoni, walipanga bei wanavyotaka. Sasa mpinzani katoa prosesa yenye nguvu kama hiyo, kwa elfu sita na mia tano. Wateja wakaanza kuhama. Ndipo wakashusha."

Wakubwa wetu kila siku wanajisifu kwamba kisiwa hiki kinatengeneza chipu kama hizi za dunia nzima. Hili la bei hakuna aliyenieleza.

"Basi ninunue ya mpinzani, niwakomeshe," nikasema.

"Taratibu, Baba," Su-hui akasema. "Inaingia kwenye ubao wa kompyuta yetu, pale prosesa inapochomekwa?"

"Haiingii," Bi Kuo akajibu. "Utanunua na ubao mpya. Linganisha kazi, bei, na ubao. Jina liache."

Nikachukua ya elfu sita.

"Kwa hiyo huyo mpinzani kanipunguzia elfu tatu, na sijanunua kitu chake?"

"Ndiyo. Ila siku ya kubadili ubao, mwangalie na yeye. Tukimng'ang'ania mmoja, bei itapanda tena."

Jioni joka lilifunguka kabla sijavuta kiti. Bendera sitini zilikwisha siku ya nane. Mzee wa hekalu alizikagua moja moja, akatupatia na kazi ya mwaka ujao.

Su-hui akafungua zile bisi za njano. Tukala.