Sahani ya Onema

Mnisamehe mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Maisha yangu yote nimepanda jukwaani kuchekesha watu: kwenye ukumbi wa parokia, kwenye ndoa, hata kwenye matanga kama wafiwa wana moyo mkubwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa habari ya kutisha anaishika vibaya, kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga. Nikicheka pasipostahili, niacheni. Mkiona nimenyamaza, hapo ndipo mwogope.

Basi. Alikuja hapa Kindu kijana mmoja Mtanzania, mtu wa Same, chini ya milima ya Upare. Jina lake Ombeni. Mama yake alimpa jina hilo kwa ajili ya sala. Yeye akalifanya kazi.

Alikuwa anatembea nchi za watu na begi la mgongoni, begi kubwa la kijani lenye sufuria inayoning'inia nyuma na kugonga kila akipiga hatua, ngo, ngo, kama kengele ya mbuzi kiongozi. Alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, akapanda treni yetu, treni ambayo inaharibika hata ikiwa imesimama. Alikaa juu ya paa la behewa pamoja na kuku na wanajeshi, akashuka Kindu akiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali ambalo halijachomwa. Alikuwa na furaha. Tangu Kigoma hajalipia kitanda hata kimoja, wala sahani moja ya chakula, na marafiki zake kwenye simu walimwona shujaa.

Mbinu yake ilikuwa rahisi. Anachagua nyumba yenye mama mzee. Anatua begi. Anamshika mama mikono yote miwili, simu ikiwa inapiga picha, anasema: "Mama, mimi ni mtoto wako. Mtoto hulipa kwao?"

Mama anacheka. Nani asingecheka? Anapewa mkeka na chakula, asubuhi anaondoka bila kuacha hata kijiti cha kiberiti. Kalemie ilifaulu. Kongolo ilifaulu. Na begini alikuwa na mche mzima wa sabuni, alioununua kwa ajili ya mwili wake mwenyewe.

Tusimchafue sana. Mama yake alimpenda, naye alimpenda mama yake. Kila Jumapili alimpigia, na kila Jumapili mama aliuliza neno lile lile: "Umekula nini?" Kisha akamwambia kwamba bado anamtengea chakula chake jioni, na kikilala anampa mbwa. "Rudi, Ombeni. Mbwa amenenepa." Ombeni aliahidi: Krismasi nipo nyumbani, mama. Nipo mezani.

Alipotoka kituoni, jua lilikuwa bado juu ya mto. Aliuliza mahali pa kulala bure. Kulikuwa na jirani mmoja wa pale, mtu wa tumbo na mdomo, anayechajisha simu za watu kwa sahani ya jua. Huyo akanyoosha kidole: "Nyumba ile ya milango ya buluu. Kwa Mama Onema. Pale watakupa chakula."

Ua ulikuwa umefagiwa, mistari ya fagio bado imelala chini. Mama Onema alikaa kwenye kigoda, kichwani kitambaa cheusi kilichopauka. Binti yake, Falone, alikuwa anachambua mchele. Karibu na mlango kulikuwa na meza ndogo, na juu yake sahani ya bati iliyofunikwa na sahani nyingine. Kijiko kimoja juu.

"Hodi, mama!"

Mama hakusema karibu. Alitazama miguu ya Ombeni kwanza, halafu begi, halafu uso. "Unatoka wapi, mutoto?"

"Mbali, mama. Natafuta pa kuegesha mbavu tu."

Falone aliacha mchele. Alisema haraka, kama mtu anayepita kwenye siafu: "Yaya, kaka yangu, uko na kitu ya kuachia mama? Ata kipande ya sabuni. Ata chumvi kidogo. Kitu yoyote."

"Muache," mama akasema.

"Kitu yoyote, yaya. Njo desturi yetu."

Ombeni alifikiria ule mche wa sabuni. Aliufikiria kweli, alikuja kuniambia hivyo baadaye. Halafu akacheka, akawasha simu, akamshika mama mikono yote miwili.

"Mama, mimi ni mtoto wako. Mtoto hulipa kwao?"

Falone akajiziba mdomo.

"Sema tena," mama akasema polepole.

Akasema tena. Kwa sauti zaidi, simu isikie vizuri.

"Umefika," Mama Onema akasema.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu mgeni anaambiwa karibu. Mtoto wa nyumba akirudi hakaribishwi. Anaambiwa umefika, basi. Na mgeni anatambulika kwa kile anachoacha, hata kiwe kidogo cha aibu. Yule kijana aliona amependwa mno.

"Na ile sahani?" akauliza. Njaa ya treni ni njaa ya aina yake.

"Ya Onema. Mutoto wangu ya kwanza."

"Yuko wapi?"

"Alienda kutafuta chumvi."

Ombeni alidhani dukani.

Ilikuwa zamani, wakati wa vita. Reli ilikuwa imekatwa, ndege haziji, mji umezingirwa. Chumvi ilikuwa haipo hata ya kutia kwenye kidonda. Wamama walichoma majani ya mtoni wakapikia majivu yake. Vijana wenye nguvu walichukua kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, wakaifunga mti kwenye usukani na mti mwingine nyuma ya kiti, wakaisukuma porini hadi Kasai kutafuta chumvi na sabuni. Hawaipandi. Inabeba mizigo tu, wao wanaisukuma kwa bega. Onema hakutaka kwenda. Mama yake ndiye aliyemtoa, mbele ya mtaa, avenue yetu nzima: "Mwanaume gani anakula bila chumvi na kunyamaza? Toka. Usirudi mikono mitupu." Onema akasukuma kinga yake akapita njia ya Kibombo. Hakuna aliyemwona tena. Mwili haukupatikana, na bila mwili huwezi kukaa matanga. Tangu siku ile mama alimtengea sahani kila jioni, na kila asubuhi Falone akakimwaga chakula mtoni. Hakuna mtoto wa avenue yetu aliyegusa ile sahani, hata siku za njaa kali. Kuku waliizunguka kwa mbali.

Ombeni akafunua.

Mvuke ukatoka. Wali, sombe ya majani ya muhogo, kipande cha samaki wa kukaushwa. Moto wa jikoni ulikuwa haujawashwa siku ile.

Akala. Chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Lakini mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Falone akamsogelea, akachutama, akanong'ona: "Yaya. Bakisha. Ata punje."

Ombeni aliona ni uchoyo. Akamkonyeza. Akapitisha kidole kwenye sahani, akakilamba, akaigeuza sahani juu chini ili marafiki waone ilivyo safi.

Mama Onema akasimama. Akafungua kitambaa cheusi, akakikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akakiweka chini ya kigoda. Kisha akapiga kigelegele. Kimoja tu.

Nyumba ya jirani wakafunga mlango. Halafu ya pili. Halafu upande wa pili wa avenue. Jua lilikuwa bado halijazama.

Ombeni alilala kama jiwe. Aliamshwa na bega.

Bega la kulia lilikuwa limechubuka, ngozi imetoka. Viganja vimejaa malengelenge. Akatafuta begi la kijani alipoliegemeza ukutani.

Begi halikuwapo.

Mahali pake ilisimama kinga. Ya zamani, ya chuma, mti kwenye usukani, mti nyuma ya kiti. Tope la magurudumu lilikuwa bichi. Juu yake gunia. Gunia lilivuja kitu cheupe, na kuku walikuwa wanakidonoa.

"Mwizi!" Ombeni akapiga kelele. "Nimeibiwa! Pasi yangu! Nguo zangu!"

Falone alikuwa mlangoni. Macho mekundu. "Hakuna mwizi. Mwenye kinga amerudisha kinga."

"Mwenye kinga nani?"

Falone akageukia jikoni. Mama Onema alikuwa jikoni, anaimba, anatia chumvi.

Simu ilikuwa imebaki mfukoni. Akampigia mama yake. Ikaita. Ikapokewa.

"Mama! Ni mimi. Nimeibiwa kila kitu, mama, nisaidie."

Mama akauliza kwa ubaridi: "Wewe nani?"

"Ombeni!"

"Mwanangu yupo hapa mezani. Amefika jana, wakati wa chakula. Amesema simu yake imeibiwa huko Kongo. Kumbe ni wewe."

"Mama. Sikiliza sauti yangu."

"Amekonda, mtoto wangu. Begi lake limelowa. Haongei, anaomba chumvi tu. Mungu anakuona, mwizi wewe."

Nyuma ya sauti yake, kijiko kiligonga sahani. Kikagonga. Kikanyamaza. Mtu akaichukua simu. Akahema ndani yake, pumzi ya mtu aliyesukuma mzigo mkubwa mlimani. Kisha akasema, kwa sauti ya Ombeni mwenyewe, ile ya kuchekesha:

"Mtoto hulipa kwao?"

Simu ikakatwa. Haikupokewa tena.

Alikimbia kituo cha polisi. Afisa akamuuliza jina. Ombeni akafungua mdomo. "Onema," akasema. Akajaribu tena. "Onema." Afisa akamtazama bega, akatikisa kichwa: "Rudi kwa mama yako, papa."

Akajaribu kwa miguu. Alishika njia ya Kalima asubuhi. Jioni akatokea mbele ya milango ya buluu. Akashika njia ya Kailo. Milango ya buluu. Akavuka mto kwa mtumbwi, akaenda mpaka alipoanza kuulizia Pangi, akageuka mara moja tu kutazama nyuma. Milango ya buluu. Na kila mara ndani ya ile milango mama alisema neno moja, kwa upendo mtupu: "Umefika?"

Siku moja akachoka. Akaweka bega kwenye mti wa kinga. Likaingia pale kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake.

Mpaka leo mtamwona. Anasukuma chumvi kwa wachimbaji wa Kalima, anarudi, anakula. Ni mtoto mwema. Mama Onema amenenepa. Desemba hii alipita kwangu, akauliza Krismasi ni lini. Nilipomwambia imepita, akasema haidhuru, akalia kwa jicho moja.

Simu yake iko kwangu. Aliileta kuchaji, hakurudi kuichukua. Juzi iliwaka yenyewe, ikaingia picha kutoka Same. Labda mama yule aliituma kumsuta mwizi: ona, mwanangu yu salama. Ua umefagiwa vizuri. Kijana amekaa mezani, amegeuza mgongo, amevaa koti la Ombeni. Bega la kulia limezama. Na kutoka getini mpaka kwenye kiti chake, juu ya mchanga, upo mstari mmoja wa gurudumu. Nyayo hakuna. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Mbwa hayupo tena. Kuna mnyororo tu, na ukosi.

Mtaniuliza, kosa la nani? La mama? Mama ni mama. La Falone? Alinong'ona mpaka sauti ikaisha. La kijana? Alikuwa mchoyo, lakini uchoyo wa mche mmoja wa sabuni haustahili hivyo.

Yule jirani wa tumbo na mdomo mmeshamtambua. Asubuhi ile ile, kabla treni haijafika, Mama Onema alikuja mpaka kwangu. Akanishika mikono yote miwili. "Kuja kula kwangu leo, mutoto wangu. Usilete kitu." Avenue nzima inajua sijawahi kukataa chakula tangu nizaliwe, kwenye matanga huwa wananihesabu mara mbili. Nikamtazama machoni, nikamwambia neno pekee maishani mwangu ambalo hakuna aliyelicheka:

"Nimeshiba, mama. Lakini leo treni inaingia."