Waya wa Injini ya Tatu

"Finkubala yangu iko mu tumbo yako, Brigitte," alisema Mama Constance, mikono kiunoni.

"Tumbo gani? Bwana yangu iko mu kifungo, mi nikule viwavi yako?"

Mtaa mzima wa Bel-Air ulikuwa umetoka kusikiliza. Hata waliokuwa wakifua waliacha nguo kwenye povu. Gunia dogo la viwavi vikavu lilikuwa limepotea juzi jikoni kwa Constance, na jirani wa karibu huwa ndiye mwizi wa kwanza.

Inspekta Kalaba aliwakuta hapo hapo. Yeye alikuwa na lake. Jana saa nne asubuhi, ndege ya mizigo iliruka kutoka uwanja wa Luano kwenda Kinshasa, injini yake ya tatu ikawaka moto. Rubani aliizima, akageuza, akatua salama kwa zile tatu zilizobaki. Kapya, mume wa Brigitte, ndiye fundi aliyeikagua. Wakubwa walisema amesahau kitambaa cha mafuta ndani. Kesho angepelekwa mahakamani.

Kalaba alifungua leso. "Hii ilibakia mu motere, mu injini ya ndege. Ni nini?"

Palikuwa na punje nyeusi, ngumu, na kitanzi cha waya.

"Vichwa ya finkubala," wanawake wakajibu kwa pamoja. Tangu asubuhi, hapo ndipo walipopatana mara ya kwanza.

"Na waya? Bakubwa banasema iko ya Kapya." Kalaba aliukwaruza kwa ukucha. Chini ya masizi ulikuwa mwekundu. "Waya ya mafundi iko ya chuma. Hii iko shaba."

Akatazama mlangoni kwa Constance. Magunia ya makaa yalipangwa pale, kila moja limefungwa kwa waya mwekundu, ncha imekunjwa kuingia ndani. Kitanzi cha kwenye leso kilikunjwa vilevile.

"Mama, nani anafungaka hii magunia?"

"Mimi." Constance akasita. "Mimi na Clovis, mudogo yangu."

"Jikoni ilivunjwa?"

"Hapana. Kufuli ilikuwa muzima."

"Ufunguo?"

"Tuko nayo babili."

Watu wote wakageuka. Clovis, mpakiaji mizigo wa Luano, alikuwa amekaa juu ya baiskeli yake, tangu mwanzo akicheka ugomvi. Sasa hakucheka.

"Sema," Kalaba alimwambia.

"Baba ya Albertine, ule binti ninapendaka, iko Kinshasa, papa. Anasema miaka sita hajaonja finkubala. Nikimutumia, labda atanipa mutoto yake. Shefu anakatazaka mapaketi, anafungua kila kitu. Kapya alipoisha kufunga motere, nikafungua, nikaficha. Ndugu yangu mupakiaji wa Kinshasa angetoa kule."

"Mu motere?"

"Ikisimama iko baridi, papa."

Umati ukaangua kicheko. Kalaba hakucheka. "Bantu bane balikuwa mule ndani. Na Kapya akalala mu kifungo juu ya makosa yako."

"Niliogopa," Clovis alisema, macho chini.

"Kapya atalala kwake leo. Wewe, twende."

Walipoondoka, majirani walitawanyika polepole, kila mmoja na hadithi yake tayari mdomoni. Constance alibaki barabarani, mikono imeshuka kutoka kiunoni, hajui pa kuipeleka. Brigitte alikuwa ameshabandika maji ya bukari, ugali wa jioni. Leo palikuwa na mtu wa kupikiwa.

"Yaya Constance," aliita bila kugeuka, kama anayemwita dada mkubwa. "Unasimama pale sawa mugeni? Ingia, tutakula. Ila finkubala hatuna."