Kipimo Kilichotoka Kwenye Kopo la Biskuti

Viatu vilikuwa vipya, na hakuna mtu aliyewahi kuvivaa. Lakini soli zake zilikuwa zimeanza kulika upande wa nje.

Mama Kidoti alivigeuza mara mbili mbele ya dirisha. Vilikuwa viatu vya mtoto anayejifunza kutembea, vya ngozi laini ya kahawia, urefu wake haukufika kiganja cha mkono. Kwa siku tisa vilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lililofungwa kwa uzi. Uzi aliukuta bado umefungwa kwa fundo lake mwenyewe, naye alikuwa mshonaji wa nguo. Fundo lake alilijua. Alivinusa. Chini ya harufu ya ngozi na gundi palikuwa na harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha.

Alivirudisha alipovitoa.

Inafaa kueleza viatu hivyo vilipatikanaje. Fundi aliyevishona aliitwa Kimya, jina la utani ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Katika kazi yake alikuwa na sharti moja: hakukata ngozi ya kiatu cha mtoto kabla mtoto mwenyewe hajasimamishwa mbele yake juu ya karatasi, naye akazungusha penseli kando ya mguu wenye uzito wa mwili. Lakini Baba Kidoti alikuwa mpimaji wa viwanja, mtu aliyeamini karatasi kuliko macho, na siku ile alikuwa na haraka.

"Mtoto yuko wapi?" Fundi Kimya aliuliza.

"Nyumbani, ana mafua. Mguu wake nimekuletea huu hapa," alisema, akitoa bahasha yenye mchoro wa mguu kwenye karatasi ya kaki.

"Mguu hauji kwenye bahasha, Baba Kidoti."

"Fundi, watu wanajenga ghorofa juu ya mistari yangu. Wewe unaogopa kiatu cha inchi nne?"

Fundi alicheka kidogo, akaipokea karatasi. Alikitazama kidole cha pili kwenye mchoro, kilichokuwa kirefu kuliko kidole gumba, akachukua kisu.

Viatu vilipofika, pamoja na karatasi ya kipimo ndani ya boksi, havikumwingia Kidoti. Mguu wake mnene ulikwama kisiginoni, mtoto akapiga yowe. Baba mtu alitaka kuvirudisha siku ileile. Mkewe akakishika kimoja, akapitisha kidole ndani mpaka kwenye ncha, kisha akakaa chini taratibu.

"Karatasi uliitoa wapi?"

"Kwenye kopo, pamoja na karatasi zako za kukatia nguo."

"Kopo lipi?"

"Lile la biskuti."

"Ya Kidoti iko kwenye droo ya cherehani," alisema. "Kwenye kopo la biskuti ni ya dada yake."

Dada yake Kidoti, mtoto wao wa kwanza, alikufa kwa homa ya siku tatu akiwa na miezi kumi, wiki moja baada ya mama yake kumchora mguu. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti. Hatua hakupiga hata moja.

"Nitavirudisha kesho," mume alisema.

"Viache. Ni vyake."

Sauti ilianza siku ya tatu, mchana, saa ambayo Kidoti hulala na cherehani husimama. Mama mtu alisikia ngozi mpya ikilia chumbani, mara moja, kama mtu aliyehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine; kisha kimya; kisha ikalia tena. Siku iliyofuata zilikuwa hatua mbili na mwanguko. Alifungua mlango, akaona sakafu tupu, na mtoto wake amelala macho wazi akiufuata kwa macho ukuta mzima, kutoka kabatini hadi dirishani.

Kidoti, ambaye alikuwa tayari na hatua nne zake, wiki hiyo alirudi kutambaa. Baadaye akawa wa kukaa tu. Daktari alimgonga magoti, akampima damu, akasema hana kitu.

Mpimaji alirudi nyumbani mapema Jumatano, akasimama mlangoni na viatu vyake mwenyewe mkononi.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anavaa viatu, Mama Kidoti?"

Mkewe aliweka nguo chini. "Jumatatu alikuwa anaangukaanguka," alisema, kwa sauti ya mama anayemsifia mwanawe kwa jirani. "Leo amevuka chumba kizima."

"Nani?"

"Usiniulize kama mgeni."

"Na huyu?" Alimwonyesha Kidoti mkekani, miguu imelala mbele yake kama soksi zilizoanuliwa. "Kila hatua anayopata yule, huyu inamtoka. Huoni?"

"Naona." Alianza kulia bila sauti. "Niachie mpaka Ijumaa."

Ijumaa asubuhi Fundi Kimya, aliyeitwa na mpimaji, alikuja na mkoba wake. Alizitazama soli muda mrefu.

"Mama, mwanao wa kwanza amelala," alisema. "Hana habari na viatu. Wafu hawamalizi soli. Jini lilikuwa linazunguka huko nje halina mguu wa kuingilia, sisi tukalipatia mguu." Alisema sisi, hakusema ninyi.

"Linanukia maziwa, Fundi. Kama yeye."

"Linajua unachokitafuta. Sasa, nikifumua, usigeuke. Hata ukisikia nini."

Alianza na mshono wa mwisho, akirudi nyuma kuelekea wa kwanza, uzi mmoja baada ya mwingine, na kila uzi ulipokatika kiatu kililia mkononi mwake, na kutoka chumbani, ambako hapakuwa na mtu, zikaja hatua ndogo za haraka, si za kuangukaanguka tena bali za mtoto anayekimbia kwao, zikapita mbele ya baba aliyekuwa amemkumbatia Kidoti na kufumba macho, zikazunguka meza, zikasimama nyuma ya kiti cha mama, na harufu ya maziwa ikajaa sebuleni, na gauni lake likavutwa kwa nyuma, chini, polepole, jinsi mtoto anavyovuta nguo akitaka kubebwa. Mama hakugeuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebana mfuko wa gauni.

Soli ya pili ikaachia. Gauni likalegea.

Fundi alivitia vipande vyote kwenye moto wa mkaa uani, akarudi akijifuta jasho.

"Na karatasi ya kipimo?"

"Nilishaichoma," mama alisema.

"Uliyaona majivu yake?"

"Niliyaona, Fundi."

Fundi alimtazama, akafunga mkoba.

Siku ya nne baada ya hapo Kidoti alisimama. Baba mtu alikuwa akikunja ramani zake aliposikia vigelegele vya mkewe, akatoka mbio, akamkuta mtoto anavuka sebule pekupeku, hatua tano, hatua sita, anacheka.

"Mpimaji mwenzangu huyo!" alipiga kelele. "Anapima nyumba yote!"

Kisha akaiona mikono ya mtoto. Kidoti hakuwa ametandaza mikono kama watoto wengine wanavyojizuia wasianguke. Mmoja ulining'inia. Mwingine ulikuwa umeinuliwa hadi usawa wa sikio, vidole vimekunjwa, kama mtoto anayeshikwa mkono na mwingine aliyemzidi miaka miwili.

Mkewe alikuwa amepiga magoti sakafuni. Ncha ya karatasi ya kaki ilichungulia mfukoni mwake. Alisogeza kigoda, akaipanua njia iwatoshe wawili, na macho yake hayakuwa kwa Kidoti, yalikuwa kando yake, juu kidogo.

"Polepole," alisema. "Usimvute mdogo wako."