Mpangaji wa Chumba cha Uani

Aliyeisimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni fundi rangi, mwaka mmoja baada ya nyumba kuuzwa, sebuleni kwa shangazi yangu, chai ikipoa mbele yake. Mengine yalitoka kwa Kitinda mwenyewe, kidogo kidogo, siku alizojisikia kusema.

Kitinda alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba ile, na jina hilo lilimganda hata alipopata mtoto wake. Wazazi walipokwisha kufariki, Kaka, ndugu yake wa pekee, aliamua nyumba iuzwe. Kitinda hakubisha. Alikuwa na vyumba vyake viwili upande wa pili wa mji, akiishi na binti yake, hana ugomvi na mtu. Alichoombwa ni mikono tu.

Akaitoa. Alikwangua masizi jikoni, akang'arisha vioo kwa magazeti, akazibua sinki, akatia mafuta bawaba zote. Fundi rangi alimfuata nyuma na ngazi yake, chumba kwa chumba.

"Dada, ukisugua hivyo mnunuzi ataiacha nyumba aondoke na wewe."

"Akiweza kunilisha, sikatai."

Kikabaki chumba cha uani.

Hicho kilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona. Baba alimwita Mpangaji, akilalamika kwamba hajalipa kodi tangu nyumba ijengwe. Jua likizama, ulimsikia akikohoa, au kitanda kitupu kikilia kama mtu anayegeuka. Hakumdhuru yeyote. Mama aliweka sharti moja tu, na watoto walikua nalo kama walivyokua na kunawa mikono: akikusemesha mtu kutoka chumba kile jioni, usimjibu mpaka atoke umwone uso. Hata akiwa mama yako.

Wanunuzi walikuja, wakaisifu sebule, wakausifu ua. Wakifika kwenye mlango wa chumba kile walikunja pua, wakakumbuka kwamba wana haraka.

Jioni hiyo Kitinda alirudi kutundika mapazia aliyoyafua, kwa kuwa mnunuzi mwingine alitarajiwa asubuhi. Fundi alikuwa koridoni, juu ya ngazi, akimalizia dari. Taa ya uani haikuwaka. Rangi mbichi ilinuka. Na chini ya harufu hiyo, nyingine... kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni la maji.

"Kaka?"

Aliita akidhani amemtangulia.

Kisha, kutoka chumbani, kilio. Kilio cha mwanamume anayejizuia.

"Mdogo wangu..." Ilikuwa sauti ya Kaka, hata ile mikwaruzo yake. "Nimeharibikiwa. Mke wangu amenifukuza. Nyumba hii ikienda, sina pa kulala."

Kitinda alisimama, mapazia mikononi. Sharti la mama hakulisahau hata kidogo. Alilisema hilo mwenyewe, zaidi ya mara moja. Lakini Kaka hakuwahi kulia mbele yake, hata siku ya kumzika mama. Aliona haya kumdai uso mtu anayelia.

"Utanipokea?"

"Hilo nalo la kuuliza, kaka? Karibu kwangu. Kaa utakavyo."

Kilio kikakatika. Kama bomba lililofungwa.

Kitanda kikalia. Mtu alikuwa anainuka.

Hatua... za peku, za majimaji, zikaja hadi mlangoni.

Zikampita.

Ubaridi ulimgusa shavuni. Hakuona mtu.

Ndipo geti likagonga, na Kaka akaingia kutoka nje, funguo za gari mkononi, macho makavu.

Hakumuuliza kwa nini amesimama gizani. Alinyoosha shingo, akainusa hewa ya chumba kama mpishi anavyonusa sufuria, akatabasamu.

"Ametoka," alisema taratibu.

"Ulijua."

"Nenda ukapumzike, mdogo wangu. Umenisaidia sana."

"Kaka, ulijua?"

"Wewe mmezoeana naye tangu utoto. Mke wangu asingemuweza. Mimi nina familia."

"Na mimi nina nini?"

Kaka alishughulika na kufungua dirisha.

Kitinda alikimbia kutafuta gari. Alipofika kwake, binti yake alikuwa amesimama nje ya mlango, bila viatu.

"Mama," alinong'ona, "mjomba ametangulia. Amesema umemkaribisha. Lakini nimewasha taa, na... simwoni."

Ndani, mtu alikohoa.

Fundi rangi ndiye aliyeongeza kipande kilichokosekana. Mchana wa siku ile alimwona Kaka akinong'ona kwenye dirisha la chumba cha uani. "Atakuja jioni. Lia kwa sauti yangu. Mimi hawezi kuninyima." Fundi alidhani anaongea na simu, mpaka alipoikuta simu yenyewe sebuleni, ikichajiwa. Nani alimfundisha Kaka kuzungumza na kitu kile, na kwa makubaliano gani, hakuna ajuaye.

Mnunuzi wa asubuhi hakukunja pua. Yu hai, na katika chumba cha uani wanalala watoto wake. Fundi rangi amefariki, kwa mapafu. Shangazi naye. Binti yu hai, anasoma shule ya bweni, na likizo zikikaribia huomba kubaki hukohuko. Kitinda yu hai, katika vyumba vilevile viwili. Alijaribu kuhama, akafuatwa. Kaka yu hai na afya njema. Humpigia mdogo wake simu mara kwa mara, naye hapokei. Anasema sauti hiyo anayo nyumbani, na ya nyumbani walau humuuliza kama amekula.