Alama Alizonyimwa Asifiwe

Tulinagwe alifundishwa tangu angali mdogo kwamba mtoto anayenyamaza mbele ya mkubwa ndiye mwenye adabu, na kwamba adabu haijawahi kumkosesha mtu kitu. Mwaka aliofika darasa la sita aliona kwa macho yake adabu hiyohiyo ikimkosesha mama yake mdogo jambo alilolihangaikia kwa miaka.

Kila alasiri akitoka shule, Tulinagwe alipita nyumbani Mbugani, akachukua chakula cha mama yake mdogo na kukipeleka karakana. Alipenda safari hiyo. Wali ulinukia njia nzima, na alipokaribia kona ya barabara ya kwenda stendi alisikia grenda ya kukatia vyuma ikilia, akajua mama yake mdogo, Asifiwe, yupo kazini. Asifiwe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alisomea kazi hiyo chuo cha ufundi, akapata cheti, akarudi Kyela. Mashine ya kukoboa mpunga ikivunjika mguu, aliitwa yeye. Wakulima wa kokoa walimletea fremu za vichanja vya kukaushia, na madereva wa bajaji waliokwisha kuharibiwa kazi na mafundi wengine walikuja kwake wakiwa wapole. Akivaa kinyago chake cha kuchomelea, hakuna aliyekumbuka kumwita dada. Walimwita fundi.

Asifiwe alitaka kwenda kufanya kazi Australia. Alikwisha kumweleza Tulinagwe jinsi mambo yalivyo, akichora kwa chaki juu ya bati. Nchi ile haiangalii sura ya mtu wala haiulizi mjomba wake ni nani. Inampa alama. Umri una alama zake, cheti kina zake, miaka ya kazi ina zake, na Kiingereza kina zake. Zikijumlishwa na kufika kiwango, unaruhusiwa kuomba viza ya mafundi. Zisipofika, unarudi kutengeneza bajaji.

"Umri siwezi kuurudisha nyuma," alisema, akigonga bati kwa chaki. "Tena kila mwaka nikilala, alama zake zinapungua. Cheti ninacho, na kazi zangu zote nimezihifadhi kwa picha na barua za waliozilipia. Kilichobaki ni Kiingereza. Hapo ndipo pa kuchimba."

Fundi mwenzake, Yusto, alikuwa na njia fupi. Alisema mtu akiandika miaka minane badala ya mitano, huko mbali nani atakuja Kyela kuhesabu? Asifiwe alimjibu kwamba chuma kilichopakwa rangi juu ya ufa kinampendeza mnunuzi mpaka siku kitakapombebea mzigo. Yusto akacheka, akarudi kwenye kazi yake, na habari hiyo haikurudiwa tena.

Asifiwe alisoma. Alisoma wakati vyuma vikipoa, akasikiliza redio za Kiingereza kwenye simu, akaandika insha ambazo mwalimu mmoja wa sekondari alimsahihishia. Kisha akaenda Dar es Salaam kufanya mtihani. Majibu yalipokuja, aliyasoma akiwa amesimama, halafu akakaa juu ya gogo la kupindia mabomba. Kusoma alifaulu. Kuandika alifaulu, na kusikiliza alifaulu vizuri kuliko alivyotegemea. Kuzungumza ndiko kulikoangusha kila kitu. Alama zote zikijumlishwa, alibaki nje ya mlango kwa kidogo tu, na hicho kidogo kilikuwa kwenye ulimi wake.

Tulinagwe hakuelewa. Mama yake mdogo alikuwa akimsimulia yeye kwa Kiingereza mambo ya karakana bila kukwama hata mara moja. Iweje ashindwe kuzungumza?

Waliamua kumtafuta mtu wa kufanya naye mazoezi. Mtu huyo akawa Mzee Athuman, mwenye duka la vitambaa. Baba yake alitoka pwani, naye mwenyewe alizaliwa Kyela. Kiingereza chake alikiokota Karonga, ng'ambo ya mpaka, alikofanya biashara ujana wake wote. Alikubali kwa furaha. Alisema lugha yake ilikuwa imeanza kuota kutu, na mwenye dawa ya kutu ni fundi chuma.

Walikaa dukani, Mzee Athuman upande wa mezani, Asifiwe kwenye kiti cha wateja, Tulinagwe pembeni akirekodi kwa simu. Mzee aliuliza kwa Kiingereza kuhusu kazi ya Asifiwe. Asifiwe akajibu ndiyo. Akaulizwa kama ni kazi ngumu. Akajibu hapana. Macho yake yalikuwa kwenye sakafu, mikono imefungamana mapajani, sauti imekwenda kujificha ndani ya kitenge. Tulinagwe alimtazama, na ghafla akaona kitu alichokuwa akikiona tangu azaliwe bila kukijua.

"Mama mdogo," alisema, "unaongea kama uliyekutana na mkwe njiani."

Mzee Athuman alicheka mpaka akavua kofia. "Kweli kabisa. Asifiwe, mwanangu, mimi nimekuposea mtoto wangu lini?"

Asifiwe hakucheka. Alikumbuka chumba cha mtihani. Mtahini alikuwa mwanamume mwenye mvi, wa rika la baba yake. Naye alikuwa amefanya kila alichofundishwa na mama yake na bibi yake: kwa Wanyakyusa, mke wa mtu hakabiliani na baba mkwe uso kwa uso, na binti yeyote aliyelelewa huteremsha macho mbele ya mzee, akajibu kwa ufupi, asibishe. Alikuwa amempa mtahini heshima yote ya nyumbani kwao. Mtahini alikaa pale akisubiri maneno ayape alama, na maneno hayakuja.

Tangu siku hiyo mazoezi yalibadilika. Mzee Athuman aliuliza, na Asifiwe alitakiwa kumtazama usoni, kueleza sababu, kutoa mfano, na akiona mzee amekosea, kumpinga. Mwanzoni macho yalikataa. Yaliinuka hadi kwenye ndevu za mzee, yakashuka. Asifiwe akaamua kufanya mazoezi hata karakana, akiwa amesimama wima, akiongea Kiingereza kwa sauti ya kushindana na grenda, na watu wakipita barabarani.

Hapo ndipo Tulinagwe aliposhindwa. Mercy, rafiki yake wa darasani, alimwambia mbele ya wenzake kwamba mama yake mdogo amekwisha kuvihubiria vyuma vyote, bado kuvibatiza. Darasa zima lilicheka. Alasiri ile Tulinagwe aliweka chakula mezani bila salamu, akamwomba Asifiwe apunguze sauti kidogo, maana watu wanasema.

Asifiwe aliinua kinyago. Uso wake ulikuwa na jasho na masizi. "Mwanangu, nikishusha sauti, alama zinashuka nayo. Watu watachoka kusema. Wewe kaa hapa, niulize swali."

Tulinagwe alibaki amesimama na aibu ya aina nyingine. Alimwona mtu mzima, fundi anayeheshimiwa mjini, akikosea maneno hadharani, akijisahihisha, akirudia tena mbele ya wanaomcheka, bila kumchukia yeyote. Hakuwahi kumwona shujaa wa karibu namna ile. Akavuta kigoda, akauliza swali.

Basi, siku moja Babu Asegelile alikuja mjini. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yake Asifiwe, mvuvi wa upande wa Itungi, na katika ukoo neno lake ndilo lililofunga kikao. Alikuja na samaki aina ya mbasa aliyefungwa kwa majani, akaambiwa Asifiwe yuko dukani kwa Mzee Athuman. Alipofika mlangoni alimkuta Asifiwe amemkazia mzee mwenzake macho, mikono hewani, akimkatalia jambo kwa sauti. Babu hakujua Kiingereza. Hakuhitaji kukijua.

Asifiwe alipomwona alipiga magoti palepale, akamsalimu kwa Kinyakyusa kama mtoto kwa baba. "Mwagonile, tata."

Babu hakuitikia. Alimwambia amwombe radhi Mzee Athuman kwa kumjibu mtu mzima kama anayegombana na mtoto mwenzake sokoni. Mzee Athuman alijaribu kueleza kwamba hayo yalikuwa mazoezi. Babu akasema baraka ya safari atakayoitoa yeye haitatoka kabla ya radhi hiyo, akamwacha mbasa juu ya vitambaa vya watu, akaondoka.

Usiku ule nyumba ilikuwa nzito. Mama yake Tulinagwe alimsihi mdogo wake aombe radhi, yaishe. Nani anasafiri bila neno la mkubwa wa ukoo? Asifiwe alisema atakwenda mtihani kwanza. Tulinagwe alihofia jambo moja tu: kwamba mbele ya mtahini macho ya Babu yangemfuata, na sauti ingerudi tena ndani ya kitenge.

Haikurudi. Majibu ya mara ya pili yalipofika, Asifiwe alimpa Tulinagwe simu ayasome yeye kwanza. Kuzungumza kulikuwa kumepanda kuliko vyote. Alama zilijumlishwa, zikavuka kiwango. Viza yenyewe ilikuwa bado ina safari yake, lakini mlango wa kuomba ulikuwa wazi. Wiki hiyohiyo Tulinagwe alisimama darasani, akajibu swali la mwalimu kwa sentensi nzima huku akimtazama usoni.

Jumapili baada ya kanisa ukoo ulikutana. Mzee Athuman alialikwa, akakaa karibu na mlango. Babu Asegelile alimpongeza Asifiwe kwa kazi yake, na alimaanisha. Kisha akasema ile radhi bado anaidai.

"Mimi sikukosewa," alisema Mzee Athuman.

"Sijakuuliza wewe," alisema Babu.

Asifiwe aliondoka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa kama alivyolelewa. Kisha akainua uso.

"Tata, ndaga fijo, asante sana kwa kunilea. Magoti haya nitayapiga mbele yako mpaka nizeeke, hata nikitoka huko ughaibuni." Akageuka kidogo ili Tulinagwe asikie. "Na wewe mwanangu shika hili. Heshima si kumeza unachokijua. Ukiulizwa unachojua, kiseme chote, mtazame aliyekuuliza, na ukikosea, rudia mpaka uweze. Hiyo ndiyo kazi iliyonipa alama, na hakuna aliyenipunja wala niliyempunja."

Babu alikohoa. "Kwa hiyo?"

Asifiwe hakushusha macho.

"Kwa hiyo, tata, nimempigia magoti kila aliyestahili. Kwa kusema, radhi siombi."